Juano Hernández: mzee wa nafasi ndogo aliyekataa kuinama

Filamu iliyomtangaza Juano Hernández duniani ilimkuta akiwa na umri wa miaka 53. Hiyo ilikuwa mwaka 1949, na waandishi wa habari wa kigeni waliokuwa wakitoa tuzo za Golden Globe mjini Hollywood walimweka katika orodha ya wachezaji wapya wanaotia matumaini. Mchezaji huyo mpya alikuwa amekwisha kuwa baharia, mwanasarakasi, bondia, mwimbaji, mwandishi wa michezo ya redio na mwigizaji wa jukwaani.

Kwa miaka 20 iliyofuata alionekana katika filamu na vipindi vingi vya televisheni, lakini mara chache sana kisa kilimhusu yeye. Hata katika filamu hiyo ya mwaka 1949, ambayo bila yeye isingekuwepo, majina mawili yalitangulia jina lake. Alikuwa miongoni mwa waigizaji ambao mtazamaji huukumbuka uso wao na kulisahau jina: jaji, mchungaji, mpiga tarumbeta, mtumishi wa nyumbani, sajini wa jeshi, chifu wa Kimaori. Na kwa watazamaji wa Afrika Mashariki, yeye ndiye mzee wa Kikuyu aliyesimamia kiapo cha Mau Mau katika mojawapo ya filamu kubwa za kwanza kutengenezwa Hollywood kuhusu vita hivyo.

Mtoto wa baharia

Juan G. Hernández alizaliwa San Juan, Puerto Rico, mwaka 1896, wakati kisiwa hicho kikiwa bado koloni la Hispania. Alipokuwa na umri wa miaka miwili, Marekani ilikitwaa baada ya kuishinda Hispania vitani. Baba yake alikuwa baharia wa Puerto Rico na mama yake alitoka Brazil. Shule hakuipata. Akiwa kijana alifuata kazi ya baba yake, akazunguka na meli, hatimaye akatia nanga Rio de Janeiro, ambako aliingia katika kundi la sarakasi. Ni huko, mwaka 1922, alikoanza kupanda mbele ya watu kwa malipo, akirukaruka na kupinduka hewani.

Baadaye alirejea katika visiwa vya Karibi na kula kwa jasho la ngumi. Ulingoni alijiita Kid Curley. Masumbwi hayakumtajirisha, lakini yalimwachia kifua kipana na mwendo wa mtu asiyeogopa kusogelewa, mambo ambayo kamera ingeyapenda miaka mingi baadaye.

Kisha akafika New York. Kazi alizozipata kwanza ni zile zilizokuwa wazi kwa mtu mweusi mwenye kipaji: maonyesho mchanganyiko ya nyimbo na vichekesho, pamoja na yale maonyesho ya zamani ambayo yalimfanya Mwafrika wa Marekani kuwa kichekesho mbele ya Wazungu. Aliimba pia kanisani, na mwaka 1927 akapata nafasi katika kundi la waimbaji wa Show Boat, mchezo wa muziki uliotikisa Broadway mwaka huo.

Kikwazo chake kikubwa kilikuwa ulimi. Kihispania kilikuwa lugha ya nyumbani, Kireno cha mama yake alikijua, lakini Kiingereza alikuwa amekiokota bandarini na kwenye kumbi za sarakasi. Hakuwa na mwalimu wala fedha za kumlipa mwalimu. Alichofanya ni kuchukua tamthilia za Shakespeare na kuzisoma kwa sauti, tena na tena, mpaka kila neno likakaa mahali pake mdomoni. Wengi waliopata kuishi ugenini wanaijua kazi hiyo, na wanajua kwamba mara nyingi humwacha mtu na lugha iliyo safi kuliko ya wenyeji. Kiingereza cha Hernández kilikuwa hivyo. Katika filamu zake zote hakuna neno linalomezwa.

Sauti bila uso

Sauti hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa redio, katika miaka ambayo redio ndiyo iliyokuwa burudani kuu ya kila nyumba nchini Marekani. Redio ilikuwa na faida moja kwa mtu kama yeye: msikilizaji hakumwona. Mwaka 1933 shirika la CBS lilimpa nafasi ya John Henry, yule mpiga nyundo wa reli katika ngano za watu weusi wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa Lothar, yule mwana wa mfalme wa Afrika anayefuatana na mchawi Mandrake. Aliandika michezo ya redio pia, jambo ambalo husahauliwa mno anapotajwa.

Wakati huo huo alikuwa akionekana katika filamu za Oscar Micheaux. Micheaux alikuwa mtengenezaji filamu mweusi aliyejitegemea, aliyekuwa akitafuta fedha kwa mkono wake mwenyewe na kuonyesha kazi zake katika kumbi za watu weusi, kwa sababu kumbi nyingine zilikuwa zimefungwa kwao. Katika The Girl from Chicago ya mwaka 1932 Hernández alicheza nafasi ya mhalifu, na mwaka 1939 akarudi katika Lying Lips. Filamu hizo zilitengenezwa haraka na kwa fedha kidogo, na mtazamaji wa leo ataona wazi upungufu wake. Lakini ndizo zilizomfundisha kusimama mbele ya kamera.

Jukwaani alipanda hatua kwa hatua. Mwaka 1945 alikuwa katika Strange Fruit, tamthilia iliyoongozwa na José Ferrer, mwenzake wa Puerto Rico. Mwaka 1948 akapewa nafasi ya Denmark Vesey katika Set My People Free. Vesey alikuwa mtu halisi: mtumwa wa zamani wa Charleston, South Carolina, aliyeinunua uhuru wake, kisha akanyongwa mwaka 1822 kwa tuhuma za kupanga uasi wa watumwa.

Mkulima wa Mississippi

Mwaka huo huo wa 1948 William Faulkner alichapisha riwaya ya Intruder in the Dust, na kampuni ya MGM ikanunua haki za kuitengenezea filamu. Kisa chake kinaeleweka kwa urahisi. Lucas Beauchamp, mkulima mweusi mwenye ardhi yake, anakamatwa kwa kosa la kumpiga Mzungu risasi mgongoni. Mji mzima unajua kwamba hatafika mahakamani. Umati utamtoa jela na kumuua. Wanaomwokoa ni kijana wa Kizungu, mwenzake mweusi na bibi kizee mmoja, ambao wanakwenda usiku kufukua kaburi ili kutafuta ukweli.

Mwongozaji, Clarence Brown, aliamua kuipiga filamu hiyo Oxford, Mississippi, mji wa Faulkner mwenyewe, na kuwatumia wakazi wa mji huo kama umati. Kwa hiyo watu waliosimama barabarani wakingoja kumwona mtu mweusi akiuawa walikuwa watu wa mahali ambapo mambo hayo yalipata kutokea kweli. Sheria za ubaguzi zilikuwa kazini. Hernández, mwigizaji ambaye filamu ilimtegemea, alilala katika nyumba ya familia ya watu weusi. Faulkner alipowakaribisha wageni wa filamu nyumbani kwake, Hernández hakualikwa, kwa kuwa kumwalika kungelazimu kuwaalika pia wenyeji wake.

Kilichomo ndani ya filamu ni jambo ambalo Hollywood haikuwa imelionyesha kabla ya hapo. Lucas hamwombi mtu. Mapema katika kisa, yule kijana wa Kizungu anatumbukia katika mto wa baridi, na Lucas anampeleka nyumbani kwake, anamkausha nguo na kumlisha. Kijana anatoa sarafu ili alipe. Lucas hazipokei. Sarafu zinaanguka sakafuni, na mzee anaamuru ziokotwe na kurudishwa kwa mwenyewe. Hapigi kelele wala hakunji uso. Anasimama tu, na chumba chote kinakuwa chake. Kijana hawezi kuisamehe aibu hiyo, na ndiyo inayomfanya baadaye ashindwe kumwacha mzee afe.

Mwaka 1949 ulitoa filamu kadhaa za Marekani kuhusu ubaguzi wa rangi. Katika mbili kati ya hizo, Pinky na Lost Boundaries, wahusika wakuu weusi walichezwa na Wazungu. Filamu ya Brown haikukwepa hivyo. Lakini haikuleta faida kwa kampuni na haikuteuliwa kwa Oscar hata moja. Hernández alibaki na ule uteuzi wa Golden Globe wa wachezaji wapya, ambao tuzo yake ilikwenda kwa Richard Todd wa Uingereza.

Mtoto gatini

Mwaka 1950 zilitoka filamu tatu za Hernández, na kama angekuwa hakufanya kitu kingine, hizo zingetosha.

Katika Stars in My Crown ya Jacques Tourneur ni mzee aliyekuwa mtumwa, ambaye katika shamba lake kumegunduliwa madini ya ulanga. Mwenye duka anataka kulinunua, mzee anakataa kuuza, na usiku mmoja wanakuja watu waliojifunika nyuso wakiwa na kamba. Mchungaji anatoka na karatasi, anawasomea wosia wa mzee: anamwachia huyu kitu hiki na yule kitu kile, kila mmoja akikumbushwa siku ambazo mzee alimlea au kumfundisha kuvua samaki. Wanaondoka mmoja mmoja kwa aibu. Karatasi, baadaye inaonekana, haikuwa na maandishi yoyote. Maneno yote katika tukio hilo ni ya mchungaji. Hernández amesimama tu na kusikiliza. Mtazamaji anamwangalia yeye.

Ya pili ilikuwa Young Man with a Horn, ya Michael Curtiz, ambamo ni mpiga tarumbeta mkongwe anayemfundisha kazi kijana wa Kizungu, aliyechezwa na Kirk Douglas. Mwanafunzi anapanda, mwalimu anazeeka na kuchoka. Siku moja mwanafunzi, akiwa amelewa uchungu wa ndoa yake, anamjibu mzee maneno mabaya. Muda mfupi baadaye mzee anagongwa na gari na kufa. Uso wa Hernández anapoyapokea maneno yale ndio unaoibeba filamu hiyo, ambayo kwa mengine ina sukari nyingi kupita kiasi.

Ya tatu ndiyo bora. The Breaking Point, ya Curtiz pia, ilitokana na riwaya ya Ernest Hemingway, To Have and Have Not. John Garfield ni nahodha wa mashua aliyebanwa na madeni, na Hernández ni Wesley Park, mshirika wake wa kazi. Katika filamu nyingi za siku zile mtu mweusi ndani ya mashua angekuwa mpishi au wa kuchekesha watu. Wesley ni rafiki. Ana nyumba, ana mtoto, na anamshauri mwenzake kama mtu anavyomshauri ndugu yake. Mtoto huyo, Joseph, alichezwa na mtoto wa Hernández mwenyewe.

Nahodha anakubali kuwachukua majambazi. Wesley anafika kwenye mashua bila kujua, anapigwa risasi, na maiti yake inatupwa baharini. Mwishoni nahodha anarudishwa bandarini akiwa mahututi. Mke wake yuko naye, gari la wagonjwa linamchukua, watu waliokuja kutazama wanatawanyika. Anabaki mtoto mmoja mweusi gatini, akigeuka huku na huku, akimtafuta baba yake. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Kamera inamtazama kutoka mbali, na filamu inakwisha hapo. Nusu karne na zaidi baadaye, hakuna hotuba ya filamu yoyote ya wakati ule iliyosema zaidi ya picha hiyo kuhusu nani anaombolezwa na nani anasahauliwa.

Filamu yenyewe ilisahauliwa. Mwaka huo huo wa 1950 jina la Garfield lilitajwa miongoni mwa wasanii waliotuhumiwa kwa ukomunisti, na kampuni haikuitangaza filamu yake kwa nguvu. Garfield alifariki mwaka 1952 akiwa na umri wa miaka 39.

Jaji, kocha na mtumishi

Hollywood haikujua la kufanya na Hernández baada ya hapo. Alikuwa mzee mno kuwa shujaa, na mtu wa heshima kupita kiasi kuwa kichekesho. Akapewa nafasi ndogondogo. Lakini ukizipanga nafasi hizo pamoja, upana wake unashangaza.

Mwaka 1955 peke yake alikuwa jaji katika Trial, akisimamia kesi ya kijana mwenye asili ya Mexico, na pia mwenye ukumbi wa masumbwi katika Kiss Me Deadly. Jaji mweusi katika filamu ya Marekani mwaka 1955 lilikuwa jambo geni, na Hernández alilicheza kana kwamba si geni hata kidogo. Mwaka uliofuata akawa mtumishi wa nyumbani katika Ransom!, nafasi ambayo ingeweza kuwa ya kubeba sinia tu. Mwaka 1958 alikuwa mchungaji mkali katika St. Louis Blues, baba wa mtunzi W. C. Handy, akimkemea mwanawe kwa kupenda muziki wa dunia. Mwanawe huyo alichezwa na Nat King Cole. Mwaka 1960 John Ford alimpa sare ya sajini katika Sergeant Rutledge, filamu kuhusu askari weusi wa farasi wa Marekani, wale ambao Bob Marley aliwaimba baadaye. Mwaka 1961 akawa chifu wa Kimaori wa New Zealand katika Two Loves.

Na mwaka 1962, katika filamu nyingine iliyotokana na hadithi za Hemingway, alikuwa mlezi wa bondia aliyeharibika akili kwa kupigwa, bondia ambaye alichezwa na Paul Newman. Kid Curley wa zamani hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kumshika mtu wa aina hiyo.

Mzee Njogu

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, filamu ya kutazamwa kwa makini zaidi ni Something of Value ya mwaka 1957. Ilitokana na riwaya ya Robert Ruark, mwandishi wa habari wa Marekani aliyezoea kuja kuwinda Afrika Mashariki, na ikaongozwa na Richard Brooks. Sehemu yake ilipigwa Kenya kwenyewe, wakati hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba mwaka 1952 ikiwa bado inaendelea. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba mwaka 1956 na kunyongwa Februari mwaka 1957. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza miezi michache tu baadaye.

Wahusika wakuu ni vijana wawili waliokua pamoja, Mzungu na Mkikuyu, waliochezwa na Rock Hudson na Sidney Poitier. Hernández ni Njogu, mzee anayewalisha watu kiapo. Jina hilo kwa Kikuyu ni ndovu, na safari hii waliochagua jina walimtendea haki mchezaji.

Filamu ina lawama zake. Inawatazama wapiganaji kwa macho ya mlowezi. Suala la ardhi, ambalo ndilo lililokuwa mzizi wa yote, linaguswa juu juu, na hasira ya kijana Kimani inaelezwa zaidi kwa kofi alilopigwa kuliko kwa mashamba waliyonyang'anywa watu wake. Usiku wa kiapo umetengenezwa ili umtishe mtazamaji wa Marekani. Katika mikono ya mchezaji mwingine, Njogu angekuwa mganga wa kutisha watoto, wa aina ile ambayo Hollywood imekuwa ikiitumia kila inapokwenda Afrika.

Hernández hakumcheza hivyo. Njogu wake ni mtu mzima anayejua anachokifanya na bei yake. Anapowaongoza vijana katika kiapo, anaonekana kuubeba uzito wa mambo yatakayofuata. Tukio lake kubwa linakuja baada ya kukamatwa. Mateso hayamfungui mdomo. Kisha anakuja mlowezi mzee, mtu aliyemfahamu kwa miaka mingi, na kuzungumza naye kuhusu Mungu wakati radi ikipiga nje. Hapo Njogu anavunjika. Kisa kilivyoandikwa, ni ushindi wa Mzungu juu ya imani ya kale. Jinsi Hernández alivyokicheza, ni mzee mwenye imani ya kweli anayesikia hukumu yake juu ya kichwa chake, na anayemwangalia ni rafiki wa zamani anayeitumia imani hiyo kama silaha. Ni vigumu kutoka katika tukio hilo ukimshangilia mlowezi.

Poitier na Hernández walikutana tena muda mfupi baadaye katika The Mark of the Hawk, filamu kuhusu nchi ya Afrika inayodai uhuru wake, ambayo sehemu zake zilipigwa Nigeria. Poitier, mtoto wa Bahamas, alikuwa mdogo kwa Hernández kwa miaka 31, na yeye pia alikuwa amefika New York na lafudhi iliyomfukuzisha kwenye majaribio, akajirekebisha kwa kusikiliza redio. Mwaka 1964 angekuwa mwanamume wa kwanza mweusi kupata Oscar ya mwigizaji bora. Njia aliyopita ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mzee wa San Juan, ingawa yeye aliikanyaga kwa miguu ya wasindikizaji.

Dakika chache katika duka la rehani

Televisheni ilipoingia majumbani, Hernández aliingia nayo. Alionekana katika mfululizo wa Alfred Hitchcock, mwaka 1959, katika kisa cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na katika Naked City. Mwaka 1961 alikuwa katika kipindi cha Route 66 kilichompatia Ethel Waters uteuzi wa tuzo ya Emmy, mwanamke huyo akiwa mama mgonjwa anayetaka kusikia bendi yake ya zamani ikipiga mara ya mwisho, na Hernández akiwa katika kundi hilo la wanamuziki waliotawanyika. Kazi ya televisheni ilikuwa ya haraka: mchezaji alipewa siku chache, akasema maneno yake, akaenda zake. Wengi waliipokea kama mshahara tu. Yeye aliifanya kama kazi.

Nafasi yake iliyo fupi na kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 1964, katika The Pawnbroker ya Sidney Lumet. Rod Steiger ni Sol Nazerman, Myahudi aliyewapoteza mke na watoto katika kambi za Wanazi, na ambaye sasa anaendesha duka la kuweka vitu rehani huko Harlem bila kumhurumia yeyote. Hernández ni Bwana Smith. Anakuja na kitu chake kidogo cha kuweka rehani, lakini fedha si haja yake. Amesoma vitabu, anaishi peke yake, na anatafuta mtu wa kuzungumza naye kuhusu wanafalsafa. Anavaa vizuri, anachagua maneno, anaegemea kaunta kama mtu aliyealikwa. Nazerman anamtupia fedha zake na kumtaka aondoke.

Bwana Smith anajua kwamba anafukuzwa, na anajitahidi kuondoka kana kwamba hajafukuzwa. Anakusanya kofia na adabu yake, na kutoka. Hizo ni dakika chache tu katika filamu ya karibu saa mbili, na Steiger ndiye aliyeshinda tuzo ya Berlin mwaka huo kwa kazi kubwa aliyoifanya. Lakini mtu anayeiona filamu hiyo mara moja tu humkumbuka pia yule mzee wa kaunta. Ndani yake alikuwamo kijana aliyejifunza Shakespeare peke yake chumbani New York, akiwa hana wa kumsikiliza.

Kurudi San Juan

Miaka yake ya mwisho aliitumia Puerto Rico, akisafiri kwenda Marekani bara pale alipoitwa. Chuo Kikuu cha Puerto Rico kilimpa shahada ya heshima, yeye ambaye hakukaa darasani. Mwaka 1969 alirudi kwa Faulkner katika The Reivers, iliyotokana na riwaya ya mwisho ya mwandishi huyo, wakati huu akiwa Mzee Possum, huku nyota akiwa Steve McQueen. Katika filamu hiyo hiyo Rupert Crosse aliteuliwa kwa Oscar ya mwigizaji msaidizi, mwanamume mweusi wa kwanza kuteuliwa katika kundi hilo. Kazi ya Lucas Beauchamp, miaka 20 kabla, haikupata hata kutajwa.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa They Call Me Mister Tibbs!, na mwenzake alikuwa tena Poitier, sasa akiwa nyota kamili. Ilitoka Julai mwaka 1970. Tarehe 17 ya mwezi huo Juano Hernández alifariki San Juan kwa kuvuja damu katika ubongo, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 74. Alizikwa Trujillo Alto, nje kidogo ya mji huo.

Mezani aliacha mswada wa filamu aliouandika pamoja na Julio Torregrosa, kuhusu maisha ya Sixto Escobar, bondia wa kwanza wa Puerto Rico kuwa bingwa wa dunia. Kisiwani hakupata wa kuigharimia, kwa hiyo aliutafsiri mswada huo kwa Kiingereza na kuupeleka kwa kampuni za Hollywood, moja baada ya nyingine. Alifariki akiwa karibu kupata mnunuzi.